Kabla Hujamuumbua Baba Yako kwa Mtindo wa Penn na Teller

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia kwamba amemaliza kutazama misimu yote minane ya Penn & Teller: Bullshit! na kwamba sasa anataka kuianza kazi hiyo nyumbani kwao. Baba yake huvaa bangili ya sumaku, aliyouziwa kwa maelezo kwamba huvuta chuma kilichomo kwenye damu na hivyo kuharakisha mzunguko wake. Kijana amekwisha kupanga kila kitu: bangili itabadilishwa usiku kwa nyingine isiyo na sumaku, simu itafichwa nyuma ya vitabu, na baada ya mwezi mzee ataulizwa mbele ya wanawe wote anajisikiaje. Swali lake kwangu lilihusu mahali pazuri pa kuiweka simu ili uso wa mzee uonekane vizuri. Nilikaa siku tatu bila kumjibu, kwa sababu kila nilipousoma ujumbe ule nilijiona mimi mwenyewe. Makala hii ndiyo jibu lake, ingawa najua imekuwa ndefu kuliko alivyoomba.

Kwa ambao hawakuuona mfululizo huo wa televisheni, ulirushwa na kituo cha Showtime nchini Marekani kuanzia Januari 2003 hadi Agosti 2010, ukiongozwa na wanamazingaombwe wawili ambao wamefanya kazi pamoja tangu miaka ya 1970: Penn Jillette, mtu mrefu wa karibu mita mbili ambaye hanyamazi, na Teller, ambaye jukwaani hasemi neno. Kila kipindi kilichukua imani iliyoenea, kikawapa wanaoitetea nafasi ya kuieleza, kisha kikaicheka bila huruma. Si ajabu kwamba kazi hiyo iliangukia mikononi mwa wanamazingaombwe. Mtu anayejipatia riziki kwa kuwadanganya watu walionunua tiketi ili wadanganywe huwa na jicho kali kwa yule anayewadanganya wasiojua, na mwanamazingaombwe Harry Houdini alikwisha kuifanya kazi hiyohiyo katika miaka ya 1920, alipokuwa akiwafichua waliodai kuzungumza na wafu. Kipindi cha kwanza cha Penn na Teller nacho kilihusu watu wa aina hiyo. Mbinu yao ni nyepesi ukishaijua: msemaji wa wafu hurusha herufi moja ya jina mbele ya ukumbi uliojaa, husubiri mfiwa mmoja ashtuke, kisha humrudishia, kana kwamba ni ufunuo, yale ambayo mfiwa mwenyewe ameyadokeza.

Kipande kilichoniteka mimi, hata hivyo, kilikuwa cha maji ya chupa. Katika mgahawa wa kifahari waliweka mhudumu wa maji, mtanashati, akiwapitishia wateja orodha ya maji iliyotengenezwa kama orodha ya mvinyo. Mojawapo ya majina yaliyoorodheshwa lilikuwa L'eau du Robinet, ambalo kwa Kifaransa ni maji ya bomba, basi. Wateja waliyaonja, wakayasifu, wakayapambanua na ya bomba kwa maneno mazito, na wakati huohuo nyuma ya mgahawa chupa zote zilikuwa zikijazwa kwa mpira mmoja wa kumwagilia bustani. Katika kipindi kingine mwanamke waliyemtuma alipita kwenye mkusanyiko wa watetezi wa mazingira akiomba saini za kupiga marufuku dihaidrojeni monoksaidi, kemikali iliyozagaa viwandani, mitoni na maziwani, na watu wakatia saini bila kujua kwamba hilo ni jina la kikemia la maji. Mzaha huo ulikuwapo kabla yao: mwaka 1997 mwanafunzi wa miaka 14 katika jimbo la Idaho aliutumia kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, na kati ya wanafunzi wenzake 50, 43 waliunga mkono marufuku hiyo. Nilizitazama sehemu hizo mara nyingi hadi nikazijua kwa moyo. Sikujiuliza hata mara moja wale wateja wa mgahawa walirudi nyumbani wakijisikiaje.

Wakati huo mama yangu mdogo alikuwa akikodi mashine ya kutoa sumu mwilini kupitia nyayo. Mtu hutia miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi, kifaa chenye vyuma kilichounganishwa na umeme huwekwa katikati, na baada ya nusu saa maji huwa yamegeuka rangi ya chungwa, kisha kahawia, yakielea povu lenye chembe nyeusi. Mwenye mashine alikuwa na chati iliyoeleza kwamba rangi ya chungwa imetoka kwenye viungo na nyeusi imetoka kwenye ini. Mama mdogo, ambaye magoti yalikuwa yamemtesa kwa miaka mingi, aliyatazama maji yale kwa faraja ya mtu aliyeona ushahidi kwa macho yake, na ni kweli alikuwa ameuona ushahidi, isipokuwa ulikuwa ushahidi wa kutu. Mkondo wa umeme ukipita katika maji ya chumvi, vyuma vya kifaa kile hulika kwa kasi, na maji yatabadilika rangi iwe kuna miguu ndani yake au hakuna.

Ningeweza kumweleza hayo tukiwa wawili tu. Badala yake nilisubiri siku ambayo familia nzima ilikusanyika, nikaiazima mashine, nikalitenga beseni katikati ya sebule, na kwa sauti niliyoiiga kwa Penn nikatangaza kwamba leo tutamtoa sumu mgonjwa asiyeonekana. Nilitia chumvi, nikawasha. Kwa dakika kadhaa hakukuwa na kitu cha kutazama isipokuwa vichekesho vyangu, ambavyo, niseme ukweli, vilikuwa vizuri. Kisha uzi mwembamba wa rangi ya chungwa ukaanza kujisokota kutoka kwenye kile chuma, ukashuka hadi chini ya beseni, ukatanda, na sebule nzima ikaangua kicheko. Binamu zangu walishika mbavu. Mjomba alimuuliza mama mdogo kama ini la huyo asiyeonekana bado linatibika.

Alicheka pamoja nao kidogo. Halafu aliinama, akachukua taulo alilokuwa amelikunja vizuri kando ya kiti, akatoka nalo. Alikuwa amekuja na taulo kwa sababu nilipoiazima mashine alidhani nataka kumhudumia mbele ya watu, na alikuwa amewaambia dada zake kwamba hatimaye mwanawe ameelewa.

Usiku ule, nikiwa bado nimelewa makofi, niliandika katika kundi la familia kwamba mwenye mashine ni tapeli. Hapo nilikuwa nimelisahau hata somo la kwanza la walimu wangu, maana Penn alieleza tangu mwanzo kwa nini walilipa onyesho lao jina la tusi: ukimwita mtu mwongo au tapeli anaweza kukupeleka mahakamani, lakini tusi huchukuliwa kuwa maoni tu. Simshauri mtu atukane; nasema tu kwamba ujumbe wangu ulimfikia mwenyewe, akatishia kwenda kwa wakili, nami nikaandika maneno ya kuomba radhi katika kundi lilelile, yakasomwa na watu walewale waliokuwa wamenipigia makofi. Hiyo ilikuwa adhabu ndogo. Kubwa ni kwamba mama mdogo hakuacha kutafuta tiba za aina ile, bali aliacha kunieleza. Kwa karibu miaka miwili habari za afya yake nilizipata kwa dada yangu, na kila nilipomtembelea alizungumza nami kwa adabu kubwa, adabu ambayo mtu humwekea mgeni.

Kwa hiyo, kijana wangu, ushauri wa kwanza ni huu: ifiche simu kabatini, si nyuma ya vitabu. Anayechekwa kwenye televisheni ni mtu usiyemjua, na kipindi kikiisha yeye amekwenda zake nawe umekwenda zako, lakini anayechekwa sebuleni kwenu utakutana naye asubuhi akitafuta viatu. Kicheko kilichowafaa Penn na Teller kilihitaji umbali huo, na wewe huna. Ushauri wa pili ni uleule kwa maneno mengine. Usimfanye mzazi wako kuwa kichekesho, hata kama una uhakika, na hasa kama una uhakika.

Nikiutazama tena mfululizo huo leo, kipande ninachokiheshimu kuliko vyote si cha ule mpira wa bustani. Ni kile cha chanjo, cha mwaka 2010, mwaka uleule ambao jarida la kitabibu la Lancet liliifuta makala ya 1998 ya daktari Andrew Wakefield, iliyowahusu watoto 12 tu na iliyowatia wazazi wengi hofu kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Penn na Teller walipanga makundi mawili ya sanamu ndogo zinazowakilisha watoto, wakaweka kioo cha plastiki mbele ya kundi moja, kisha wakaanza kuyarushia yote mipira, ambayo ndiyo magonjwa. Upande wenye kioo sanamu zilibaki zimesimama. Upande wa pili zilianguka moja baada ya nyingine. Penn alikuwa akipayuka kama kawaida yake, lakini hata ungeizima sauti ungeelewa, na katika picha ile hakukuwa na mzazi aliyefanywa mjinga.

Walikosea pia, na hili mashabiki wenzangu hawapendi kulisikia. Mwaka 2003 walitengeneza kipindi kilichodai kwamba hatari ya kuvuta moshi wa sigara za wengine imekuzwa, nami nilikibeba kipindi hicho kama andiko, nikawahutubia watu kazini na nyumbani. Mpwa wangu, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, alinisikia nikihubiri mbele ya wageni, akanyamaza. Wageni walipoondoka alikuja nilipokuwa nimekaa, akanionyesha katika simu yake ripoti ya mwaka 2006 ya Daktari Mkuu wa Marekani, inayosema kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na madhara. Hakuongeza neno. Aliniachia simu nisome, akaenda kuosha vyombo. Baadaye nilipata kujua kwamba Penn mwenyewe alikwisha kukiri hadharani kwamba huenda katika jambo lile hawakuwa sahihi. Nilibadilisha mawazo usiku uleule, na ninajua kwa hakika kwamba kama mpwa wangu angenikatiza mbele ya wageni ningeutetea moshi ule hadi leo.

Tazama basi alivyonitendea mtoto yule, na nilivyomtendea mimi mama yangu mdogo. Mnaosoma makala hizi ni watu wenye ari kama yangu, mnataka kuusafisha ulimwengu upuuzi, nami nawaomba muanze kwa kuukiri upuuzi wenu mbele ya yule mnayetaka kumwelimisha. Semeni naye faraghani, msiwe na haraka, na mkubali kwamba huenda mkashindwa. Naona nimeanza kuhubiri tena, na sijui kama nimepona kweli.

Kuhusu bangili yenyewe, kijana, hoja unayo na haihitaji hila. Chuma kilicho katika hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hakivutwi na sumaku kama msumari. Mashine za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili hospitalini, hutumia sumaku ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), zenye nguvu kupita bangili yoyote ya mkononi, na mgonjwa hutoka ndani yake damu ikiwa inazunguka kama kawaida. Mwambie hayo mnapokuwa wawili. Akikuambia kwamba yeye anasikia nafuu, usimbishie, kwa sababu huenda anaisikia kweli. Muulize tu kama angekubali mjaribu bangili mbili zinazofanana, akijua kwamba moja haina sumaku, na mwandike pamoja, kabla ya kuanza, matokeo gani yatamfanya abadilishe mawazo na matokeo gani yatakufanya wewe ubadilishe yako. Jaribio la siri ulilolipanga ungelishinda, kisha ungebaki nalo peke yako.

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa ameuziwa maji ya alkali ya kusawazisha asidi ya damu, na aliniuliza kama nina nafasi. Nilikwenda mikono mitupu. Nilimweleza kwamba damu hujilinda yenyewe katika pH, yaani kipimo cha asidi, ya 7.35 hadi 7.45 kwa kazi ya mapafu na figo, na kwamba maji hayo yakifika tumboni hukutana kwanza na asidi kali. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba angalau ladha yake ni tofauti kabisa. Nikasema mimi pia ningeyatambua. Basi tulipanga glasi sita, tatu za bomba na tatu za chupa, dada yangu akabandika namba chini yake huku tumegeuka, kisha tukaonja kila mtu na karatasi yake. Yeye alipata tatu. Mimi nilipata mbili.

"Mwanangu," alisema, akiitazama karatasi yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, "na wewe ndiye mtaalamu!" Alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa. Nilizikusanya glasi nikazipeleka kuziosha, na nilipopita uani nikaliona lile beseni, limejaa nguo zilizolowekwa. Hakulitaja, nami sikulitaja.