DUX4: misuli ya kaka yako na hofu ya saratani

Pole, dada. Unauliza kama kaka yako mwenye FSHD, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya uso na mabega, atapata na saratani, maana jeni ni ileile, DUX4. FSHD yenyewe si saratani, ondoa hofu hiyo. DUX4 hufanya kazi kiinitete kikiwa na seli 4 hivi, kisha huzimwa. Kwake inavuja kwenye misuli na kuidhoofisha. Ndiyo maana mluzi unamshinda na mifupa ya mabega imechomoza kama mbawa. Katika baadhi ya uvimbe wa saratani, seli huiwasha upya ili kinga ya mwili isizione. Hiyo njia nyingine kabisa. Mimi ningewaza zaidi watoto wake: kwa aina ya kwanza, iliyo ya kawaida, kila mmoja ana uwezekano wa 50% kuirithi. Ulizieni kipimo cha jeni.