Maswali ya wasomaji: Mayu kwenye maji ya moto

Ukurasa huu wa safari na mapumziko hujibiwa na muuguzi mstaafu, mkazi wa Kirumba, Mwanza, ambaye siku hizi huratibu matembezi ya kikundi cha akina mama.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi seremala hapa Igoma. Mama yangu ana miaka 68, magoti yanamsumbua na anameza dawa za presha. Jirani kamwambia kwamba huko Naivasha, Kenya, kuna bwawa la maji ya moto yanayotoka chini ya ardhi, na ukioga na kunywa kidogo, magoti yanaacha kuuma. Tangu siku hiyo hatupumui. Nimejibana hadi nikapata nauli ya watu watano: mama, mimi, mke wangu mwenye mimba ya miezi minne, na watoto wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 4. Twende? Tunaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo? Na hilo la kunywa ni kweli?
Baba wa wawili, Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumfikiria mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu. Naanza na la kunywa maana ndilo linaloweza kuwaumiza: hapana, hata funda moja.

Maji hayo si chemchemi ya mlimani. Bwawa lenyewe liko Olkaria, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, kusini ya Ziwa Naivasha, na ni mali ya KenGen, kampuni inayozalisha umeme. Wanachimba visima vya kina cha kilomita mbili na zaidi hadi kwenye miamba iliyopashwa moto na volkano za Bonde la Ufa. Kinachotoka ni mchanganyiko wa mvuke na maji. Mvuke unaenda kuzungusha mitambo, kazi inayofanyika Olkaria tangu mwaka 1981, na maji yanayobaki, yenye madini tele, hupitishwa kwenye mabwawa ya kupoozea kabla ya kufika pale watu wanapooga. Sehemu ya kuogea ilifunguliwa mwaka 2013. Watu wa Iceland walitangulia na wazo hilo; Blue Lagoon yao ni maji yaliyobaki ya mtambo wa Svartsengi.

Sasa, maji yaliyokaa na miamba ya namna ile hubeba floraidi nyingi. Umeshaona watu waliokulia Arumeru wenye meno ya kahawia? Ni floraidi ya maji ya kawaida tu ya visima na mito yao. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya visima vya mvuke huipita hiyo mara nyingi sana. Mtoto wako wa miaka 4, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, ndiye wa kuchungwa kuliko wote. Akiwa na tabia ya kunywa maji ya beseni akiogeshwa, usimpeleke.

Magoti. Maji ya uvuguvugu yanasaidia kweli, tena nimeona kwa macho. Mwili ukiwa majini hupungua uzito, misuli iliyokaza inalegea, na mtu aliyeshuka ngazi kwa kushikwa mkono anaanza kutembea peke yake majini akicheka. Nafuu hiyo huchukua saa kadhaa, pengine hadi kesho yake asubuhi. Gegedu iliyolika haioti tena kwa kuoga. Kwa hiyo mwambieni mayu mapema, nyumbani, kabla hamjakata tiketi, kwamba anakwenda kustarehe. Nalisisitiza hili kwa sababu anayekwenda kupona hatoki majini. Kila dakika anaiona ni dozi.

Kikundi chetu kilipokwenda tulikuwa na mama mmoja wa aina hiyo. Alikaa kwenye kona yenye joto zaidi, kidevu juu ya maji, kila akiitwa anajibu "bado linaingia". Vidole vilikuwa vimeshakunjamana. Alipoamua kusimama akasimama kwa mara moja, kama alivyozoea kusimama kanisani. Uso ukabadilika rangi, macho yakaangalia mbali, magoti yakakunjika. Wenzake wawili walimdaka kwapani. Tulimlaza kwenye mkeka kivulini, miguu juu ya begi, tukampepea kwa kanga, na alipopata akili vizuri tukampa maji kidogo kidogo. Haukupita muda akauliza chakula kiko wapi, basi nikajua amerudi. Haukuwa uchawi wala "sumu kutoka" kama mmoja alivyosema. Joto hutanua mishipa, damu inashuka miguuni na kutandaa kwenye ngozi, presha inaporomoka. Mtu anayemeza dawa za kushusha presha anaporomoka haraka zaidi.

Kwa mayu basi: dawa zake anywe kama kawaida, asiruke hata siku ya bwawa, lakini kwanza apitie kliniki yake aulize kama aruhusiwe. Akiruhusiwa, aketi ukingoni na miguu majini kwanza, apime joto kwa ndani ya mkono na si kwa kisigino. Kama ana kisukari na miguu imekufa ganzi, mtu mwingine ndiye apime, yeye ataungua bila habari. Akishaingia, maji yamfike kifuani, yasimfike shingoni, na dakika kumi na tano zinatosha. Atoke kwa kukaa kwanza ngazini, apumue, ndipo asimame akiwa ameshikwa. Anywe maji safi, apumzike nusu saa, akitaka arudi. Bia iwe baadaye sana, na hilo nakuambia wewe pia.

Mkeo asikae kwenye maji yanayozidi joto la mwili wake. Maji hayo hayako sawa kila kona wala kila siku, kwa hiyo kwake miguu ukingoni inatosha, na mtafutieni kivuli. Najua itamuuma, amesafiri njia yote hiyo. Watoto hupata joto haraka kuliko sisi: mdogo dakika chache tu kwenye bwawa dogo la watoto, mkubwa awe karibu na mkono wako, na wote wawili wasizamishe vichwa. Kuna vijidudu adimu lakini vibaya mno vinavyopenda maji yasiyo ya chumvi yaliyopata joto, na mlango wao ni pua, kwa hiyo sheria hiyo waizoee kwenye kila maji ya moto watakayokutana nayo maishani.

Kwenda na kurudi siku moja sahau. Kutoka Mwanza unapita Lamadi, Bunda, Tarime hadi Sirari, unavuka, halafu Migori, Kisii, Narok, Mai Mahiu, ndipo upande kwenda Naivasha. Hesabu siku nzima ya kwenda, siku ya bwawa, siku nzima ya kurudi, na kwa magoti ya mayu ningelala Kisii njiani. Kitambulisho cha Taifa hakitawavusha. Fuatilieni pasipoti au hati ya dharura Uhamiaji mapema, watoto nao wawe na zao, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike kabatini. Mjamzito asichome chanjo hiyo kabla ya kuongea na daktari. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa mtandao, hawapokei noti getini, na bwawa lina kiingilio chake mbali. Pigeni simu kabla ya kukata tiketi mjue kama bwawa liko wazi siku hiyo.

Mavazi: kanga ikilowa inajisokota miguuni, na mwenye magoti mabovu haitaki. Mshoneeni mayu taiti na fulana ya nailoni, kitenge kiwe cha kujifunika akitoka. Pete na heleni za fedha zibaki Igoma. Ile harufu ya yai viza mtakayoisikia ni gesi ya salfa, na inageuza fedha kuwa nyeusi kabla hamjamaliza kupiga picha. Silika, madini ya jamii ya mchanga yaliyomo majini, ambayo ndiyo inayoyapa ile rangi ya buluu yenye maziwa, hukausha nywele zikasimama. Pakeni mafuta mengi kabla na suuzeni kwa maji safi baada. Na koti! Sisi wa ziwani tuko mita 1,130 na ushee juu ya usawa wa bahari, Olkaria ni kama 2,000. Jioni ukitoka kwenye maji ya moto, upepo wa kule unakufuata hadi mifupani.

Chakula tulibeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga, na yalitusaidia kuliko chipsi za njiani. Tafunia mbali na bwawa.

Jambo moja la mwisho. Vijana watawavuta mwende kutembea kwenye korongo la Ol Njorowa, humo humo hifadhini. Ni zuri, nimelichungulia. Lakini mvua ikinyesha mbali, mahali hata hamuioni, maji hushuka ghafla kati ya zile kuta, na wageni wameshafia humo. Mayu na mjamzito wasishuke siku yoyote. Wewe na mkubwa wako, kiangazi tu na mkiwa na kiongozi wa hifadhi. Kukodi baiskeli na kupita katikati ya pundamilia na twiga kunamtosha mtoto wa miaka 9 kusimulia muhula mzima.

SWALI: Mama, kwa nini hapa Mwanza hatuna maji ya moto wakati tuna mawe kila mahali? Na kama si Mwanza, hakuna ya karibu na ziwa?
Dada wa Sengerema

JIBU: Mawe hayo hayo ndiyo sababu. Jiwe la Bismarck na ndugu zake wa Bugando na Mabatini ni sehemu ya bamba kongwe sana la katikati ya Tanzania, lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nene na lililopoa. Bonde la Ufa lilipokuja kupasua, lilishindwa kulipasua, likazunguka: tawi moja mashariki, jingine magharibi. Moto umepita pembeni yetu.

Kando ya ziwa kabisa, nenda Homa Hills, Kaunti ya Homa Bay, kwenye Ghuba ya Winam. Unavuka Sirari, Migori, unaingia Rongo kwenda Homa Bay. Vilima vile ni volkano ya zamani na chini yake kuna chemchemi za moto, ila usitegemee ngazi, vyumba vya kubadilishia nguo wala mlinzi wa bwawa. Muombe mwenyeji akuonyeshe pa kukanyaga, maana ukoko wa chumvi juu unadanganya. Siku hiyo hiyo unaweza kupita Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, ziwa dogo la kreta. Wajaluo wanasimulia kwamba ni kijiji kilichozama baada ya kumnyima ajuza mahali pa kulala, na kuna misimu heroe wanaligeuza ukingo kuwa wa waridi.

Upande wetu kuna Mtagata, Kyerwa, mkoani Kagera. Stanley aliyafikia maji hayo mwaka 1876 alipokuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, na tayari wagonjwa walikuwa wanatoka mbali kuja kuoga. Mimi ningepanda MV Victoria usiku hadi Bukoba, nilale na kuamka nimefika, kisha Kyaka, Omurushaka, Kyerwa. Anayetaka barabara, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya pantoni. Ukifika, heshimu taratibu za wenyeji, kwao pale ni mahali pa tiba na maombi, na muziki wa spika uache kwenye gari.

SWALI: Kwani lazima twende mbali? Mume wangu anasema ufukweni mchana maji ya ziwa yana joto zuri tu, na watoto wanaoga bure. Wameshaoga mwezi uliopita.
Mama J., Ilemela

JIBU: Pana bei yake, na jina lake ni kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji ya kina kifupi, penye magugu, yaliyotulia, na minyoo midogo inayotoka kwao hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kichocho cha tumbo ndicho kimejaa kwenye ziwa letu, na wadudu hao hutoka kwa wingi kuelekea saa sita mchana, yaani muda ule ule mumeo anaousifia. Kama ni kuoga tu, tafuteni hoteli yenye bwawa la klorini, watoto wamwage nguvu zao humo, mle sato wenu ufukweni miguu ikiwa mikavu.

Na hao walioshaoga, wapelekeni zahanati wakapimwe choo. Dawa ni prazikwanteli, hata shuleni hugawiwa. Ila mayai ya minyoo huanza kuonekana chooni wiki sita hadi nane baada ya kuambukizwa. Mkienda wiki hii mkaambiwa hamna, rudini tena mwezi ujao.