Maswali ya wasomaji: madini na maji ya mbali hujulikanaje kwa mwanga?

Chombo kinachozunguka juu sana ya Mirihi kinajuaje aina ya jiwe lililo chini bila kuligusa?

Kwa mwanga wa Jua uliogonga jiwe hilo na kurudi angani. Spektromita huupokea na kuutenganisha kwa urefu wa mawimbi, kuanzia unaoonekana kwa macho hadi infraredi, mwanga wenye mawimbi marefu zaidi usioonekana kwa macho. Kila madini hufyonza mawimbi fulani na kuyaakisi mengine, hivyo grafu ya mwanga uliorudi huwa na mabonde. Chuma kilicho ndani ya madini ya olivini huacha bonde pana karibu na maikromita 1 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita). Piroksini, madini mengine, huwa na mawili, moja karibu na 1 na jingine karibu na 2, kwa kuwa atomi za chuma zimepangika tofauti ndani ya fuwele zake. Grafu hizo hulinganishwa na za sampuli zilizopimwa maabara.

Mwezi si mkavu? Mbona tunaambiwa una maji?

Kwa miongo kadhaa baada ya safari za Apollo, ukavu huo ndio ulioaminiwa. Mwaka 2009 yakatangazwa matokeo ya kifaa cha NASA, Moon Mineralogy Mapper, kilichobebwa na chombo cha India, Chandrayaan-1: kulikuwa na bonde karibu na maikromita 3, lenye nguvu zaidi kuelekea kwenye ncha za Mwezi. Vipimo vya vyombo vingine vya angani, Cassini na Deep Impact, vikaunga mkono.

Hapo sasa ndipo pa kuwa makini. Bonde hilo hutokea pale kifungo cha oksijeni na haidrojeni kinapotikisika. Kifungo hicho kimo kwenye maji, lakini kimo pia kwenye hidroksili, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja zilizoshikamana na madini. Kuliona bonde la maikromita 3 na kutangaza maji moja kwa moja ni kuruka hatua.

Hatua hiyo ilikamilishwa mwaka 2020 na SOFIA, darubini iliyosafirishwa ndani ya ndege. Ilipoelekezwa kwenye kasoko ya Clavius, ilinasa alama ya maikromita 6. Alama hiyo hutoka kwa molekuli yenye atomi tatu inapojipinda, na hidroksili, yenye atomi mbili tu, haiwezi kujipinda hivyo. Basi yalikuwa maji kweli, ingawa ni sehemu 100 hadi 400 hivi tu kwa milioni. Kwangu mimi, huu ni miongoni mwa ushahidi mzuri kabisa katika elimu ya sayari.

Kwa nini wanasayansi hushangilia udongo wa mfinyanzi wa Mirihi?

Kwa sababu hauundwi bila maji kubadilisha miamba. Vifaa vya OMEGA, kwenye chombo cha Mars Express, na CRISM, kwenye Mars Reconnaissance Orbiter, viliuona katika maeneo ya Mirihi yaitwayo Mawrth Vallis na Nili Fossae. Bonde la maikromita 1.9 huonyesha maji yaliyofungwa ndani ya madini. La 2.2 huelekeza kwenye udongo wenye alumini, na la 2.3 kwenye wenye chuma au magnesi. Udongo huo na madini ya kabonati yaliyoonekana hivyo kutoka angani ni sehemu ya sababu za gari la utafiti la NASA, Perseverance, kutua katika kasoko ya Jezero Februari 2021.

Je, vipimo hivi huweza kupotosha?

Ndiyo, na ni lazima tuseme wazi. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba michirizi myeusi kwenye miteremko ya Mirihi ina chumvi za perkloreti zenye maji. Miaka mitatu baadaye watafiti walionyesha kuwa usindikaji wa data za CRISM ungeweza wenyewe kuzalisha mabonde bandia yanayofanana na ya chumvi hizo. Bonde moja, kwenye pikseli chache, halitoshi. Zaidi ya hapo, mwanga huu husoma utando mwembamba wa juu tu, na vumbi likifunika jiwe, kinachosomwa ni vumbi.

Barafu iliyofukiwa hugunduliwaje, basi?

Kwa nyutroni, chembe zilizomo ndani ya atomi. Mionzi ya kosmiki, itokayo anga za mbali, hugonga ardhi na kuzifyatua, na haidrojeni, iliyomo kwenye maji na barafu, huzipunguzia kasi. Kwa njia hiyo chombo cha Mars Odyssey kilionyesha mwaka 2002 kuwa kuna haidrojeni nyingi ndani ya mita moja hivi ya juu, kuelekea kwenye ncha za Mirihi. Chombo cha Phoenix kilipotua na kuchimba kaskazini mwa Mirihi mwaka 2008, kiliikuta barafu sentimita chache tu chini ya udongo.