Barua kwa Mwanangu: Je, Timu Inaweza Kuhamishiwa Mji Mwingine?

Ubaruku, Mbarali

Mwanangu mpendwa Atupele,

Ujumbe wako nimeupata, na kwa kuwa swali lako halijibiki kwa maneno machache ya simu, nimeona heri nikuandikie. Umeniuliza, baada ya kuwasikia wenzako wakibishana jukwaani katika uwanja wa Sokoine, kama timu yenu ya mpira, Mbeya City, nayo inaweza siku moja kuhamishiwa mji mwingine kama Ihefu yetu ilivyoondoka hapa Ubaruku ikaenda Singida. Hukusema kwamba umesikia mpango wowote wa namna hiyo, wala mimi sijausikia. Unachotaka kujua ni kama jambo lenyewe linawezekana. Linawezekana, mwanangu, na sitaki kukufariji kwa kukuambia vinginevyo. Lakini haliwezekani kwa kila timu kwa urahisi uleule, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka uielewe vizuri.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Timu kucheza nje ya mji wake si kuhama. Bodi ya Ligi inapoufungia uwanja kwa sababu nyasi hazifai au vyumba vya kubadilishia nguo havina hadhi, timu huazima uwanja mwingine, mashabiki wakanung'unika, kisha ikarudi. Wewe mwenyewe unakumbuka Tanzania Prisons walivyocheza msimu wa 2020/21 mechi zao za nyumbani Sumbawanga, katika uwanja wa Nelson Mandela, na leo wako Mbeya kama kawaida. Yanga nao wamehamahama viwanja kwa miaka hii yote, leo kwa Mkapa, kesho Chamazi, keshokutwa KMC, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kusema kwamba Yanga si ya Jangwani. Kuhama ninakokuzungumzia mimi ni kule ambako makao ya klabu yanabadilika, halafu jina linabadilika, na watu waliokuwa wakiishangilia wanabaki bila timu.

Hilo ndilo lililotupata sisi. Ulikuwa chuoni wakati ule, kwa hiyo mengi uliyasikia kwa simu tu. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walikuja hapa katika uwanja wa Highland Estates wakiwa hawajafungwa katika mechi 49 za ligi, tangu Azam walipowafunga mwezi Aprili 2021. Tangu asubuhi barabara ya kutoka Rujewa ilijaa bodaboda na Coaster zilizotoka Mbeya, Igurusi, Chimala na hata Makambako. Jirani yetu wa upande wa mashineni alikuwa amepika masufuria makubwa ya wali na kambale, na kabla ya saa nane mchana alikuwa anakwangua ukoko kuwauzia vijana waliochelewa. Yanga wakatangulia kufunga. Watu walinyamaza, kwa sababu wengi tulidhani mambo yatakwenda kama yalivyokwenda kwingine kote. Kisha Never Tigere akasawazisha, na kipindi cha pili Lenny Kissu akafunga la pili. Mechi ilipokwisha mbili kwa moja, wazee ambao sijawahi kuwaona wakikimbia walikimbia kuingia uwanjani. Oktoba 2023 Yanga wakarudi, nao wakafungwa tena mbili kwa moja, uwanja uleule. Kata inayojulikana kwa mchele ilikuwa sasa inatajwa kwenye redio kwa sababu ya mpira.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2024, msimu ukiwa bado unaendelea, timu ilianza kucheza mechi zake za nyumbani katika uwanja wa Liti, Singida, ule uliokuwa ukiitwa Namfua. Msimu uliofuata jina la Ihefu halikuwepo tena katika msimamo wa ligi, mahali pake palikuwa na Singida Black Stars. Na usidhani kwamba Wasingida walikuwa wamekaa tu wakingoja cha wengine. Wao wenyewe walikuwa na Singida Big Stars, iliyomaliza ya nne msimu wa 2022/23, ikaunganishwa na Fountain Gate, ikaondoka kwenda kucheza Mwanza katika uwanja wa CCM Kirumba, na baadaye ikawa Fountain Gate ya Babati. Kwa hiyo katika kipindi kifupi mji mmoja ulipoteza timu ukapokea nyingine, na sisi tulioitoa hatukupokea kitu. Sina kinyongo na shabiki wa Singida, kwa kuwa yeye pia hakuulizwa.

Sasa, kwa nini iliwezekana? Nimelifikiria sana jambo hili. Kinachonunuliwa katika biashara ya namna hii ni nafasi katika Ligi Kuu. Mtu au kampuni inayotaka timu ya Ligi Kuu ina njia mbili. Ya kwanza ni kuanzisha timu ikapanda kuanzia ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, hadi Championship, safari ya miaka mingi ambayo timu nyingi hazifiki mwisho wake. Ya pili ni kununua timu ambayo tayari ipo juu. Anayenunua kwa njia hii ya pili analipia ile nafasi, wachezaji na leseni, na ikiwa mji haumo katika mambo anayoyahitaji, mji unaachwa. Ubaruku ni mji mdogo. Mechi za Simba na Yanga hujaza uwanja, lakini mechi za timu nyingine mapato ya mlangoni hayatoshi hata kulipia kambi na usafiri, na kutoka hapa kila safari ya ugenini ni ndefu. Fedha za haki za televisheni na udhamini wa ligi zinaifuata timu popote iendapo. Mmiliki akipiga hesabu, hakuna tarakimu inayomwambia abaki kwetu.

Nawaelewa waliofanya hesabu hiyo, na bado ninaamini kwamba tulitendewa isivyo haki, hasa kwa timu kuondoka msimu ukiwa katikati. Kama ingemaliza msimu hapa, watu wangepata angalau mechi moja ya kuagana nayo.

Nirudi kwenye swali lako. Ukitaka kujua kama timu inaweza kuhamishwa, uliza nani anatakiwa kutia saini ili ihame, na kama mtu huyo analazimika kuwaangalia usoni mashabiki wake baada ya kutia saini. Simba na Yanga hazihami kwa sababu ya wanachama. Katika mfumo wetu wa uwekezaji wanachama hubaki na asilimia 51, mwekezaji hazidi 49, na hakuna mwenyekiti atakayesimama katika mkutano mkuu na kupendekeza Simba iondoke Dar es Salaam. Azam ni mali ya mtu binafsi, na kwa karatasi inaweza kwenda popote, lakini mmiliki wake amejenga uwanja wake mwenyewe pale Chamazi, na mtu haachi uwanja wake nyuma kwa wepesi. Timu za majeshi zinakwenda kwa amri, na anayetoa amri hapigiwi kura na mashabiki, ingawa nimeona majeshi yetu yanazithamini sehemu yaliko makao ya timu hizo.

Mbeya City iko mahali pengine kabisa. Ilianzishwa mwaka 2011 na Halmashauri ya Jiji, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, wakati Juma Mwambusi alipokuwa kocha na jiji zima lilipovaa zambarau. Ilishuka mwaka 2023, ikakaa Championship, ikarejea mwaka 2025. Zingatia hiyo miaka ya kushuka. Timu iliyoshuka ndiyo rahisi zaidi kuuzwa, kwa sababu udhamini umepungua na madeni yamebaki, na bado haikuuzwa ikahama. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba mwenye timu ni halmashauri, na halmashauri ina madiwani, na madiwani wanarudi kwenu kuomba kura. Diwani anayekubali timu ya jiji iondoke jijini ataulizwa habari hiyo sokoni, kanisani, msikitini na msibani.

Lakini ulinzi huo una matundu mawili, na sitakuficha. Kwanza, hamna uwanja. Sokoine ni mali ya chama cha siasa, CCM, si ya klabu, kwa hiyo hakuna ukuta wala jukwaa la kuishikilia timu hapo. Pili, fedha za halmashauri zina kazi nyingi, na ipo siku mtu atasimama katika Baraza la Madiwani na kuuliza kwa nini jiji lilipe mishahara ya wachezaji wakati zahanati haina dawa. Swali hilo litakuwa la haki. Siku hiyo akitokea mwekezaji mwenye fedha mkononi, hatasema kwamba anataka kuihamisha timu. Atasema anataka kuisaidia. Hamisho, likija, litakuja baadaye, baada ya hisa nyingi kuwa zake.

Umesoma habari za Wimbledon ya Uingereza, najua, maana wewe ndiye uliyenisimulia mara ya kwanza, lakini nataka uitazame upya kwa jicho hili. Timu ile iliwafunga Liverpool katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Mwaka 1991 iliuacha uwanja wake wa Plough Lane ikaenda kupanga kwa Crystal Palace, na tangu hapo haikuwa na chake. Mwezi Mei 2002 tume ya watu watatu iliruhusu kwa kura mbili dhidi ya moja ihamie Milton Keynes, mji ulio mbali kaskazini mwa London, na mwaka 2003 ikahama kweli, kisha ikabadili jina. Mashabiki hawakungoja ihame. Mwaka uleule wa 2002 walianzisha klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanzia ngazi za chini, mwaka 2011 wakapanda kuingia katika ligi za kulipwa, na Novemba 2020 wakarudi Plough Lane katika uwanja mpya. Klabu ile inamilikiwa na mashabiki wenyewe. Watu hupenda kuusifu ule ujasiri wa kuanza upya, nami nausifu, lakini kwangu lenye uzito zaidi ni lile la 1991: timu ilianza kupotea siku ilipokuwa mpangaji, miaka 11 kabla ya tume kupiga kura.

Hapa Ubaruku vijana wamewahi kuzungumza juu ya kuanzisha timu nyingine ya kata. Ningependa wafanye hivyo, na nimewaambia nitachangia jezi, ila niliwasihi waandike katiba kwanza, iseme timu ni ya wanachama na makao yake ni Ubaruku, na kwamba kubadili jambo hilo kunahitaji theluthi mbili ya wanachama walio hai. Wengine waliona ninaharakisha mambo, kwamba kwanza timu ishinde. Mimi naona kinyume. Timu ambayo haijashinda kitu ndiyo inayoweza kuandikiwa katiba ngumu bila mtu yeyote kupinga, kwa sababu bado haina bei.

Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya klabu ukaombe kuiona katiba ya Mbeya City. Angalia inasemaje kuhusu makao, kuhusu uuzaji wa hisa, na kuhusu nani mwenye kura. Kama tawi lenu la mashabiki halijasajiliwa, lisajilini, maana mashabiki wasiosajiliwa hawana mahali pa kupeleka barua yao. Wakati wa bajeti mwulizeni diwani wa kata yako timu imetengewa kiasi gani, na kama kuna mwekezaji anayezungumza na jiji, ombeni mapema, kabla ya mkataba, kipengele kinachokataza kuhamisha makao na kubadili jina. Mapema ndipo neno lenu lina nguvu. Mkataba ukishasainiwa mtabaki na mabango tu.

Uliniuliza pia mwishoni, kwa aibu kidogo nadhani, kama ni vibaya kwamba bado unafuatilia matokeo ya Singida Black Stars. Si vibaya. Walipomaliza wa nne msimu wa 2024/25, na walipotwaa Kombe la Kagame mwaka 2025, hata baba yako alikaa mbele ya televisheni hadi mwisho, ingawa hakushangilia. Wachezaji hawakutukosea chochote. Wewe fuatilia, lakini kadi yako ya uanachama iwe ya Mbeya.

Ukiipata nakala ya katiba, nipigie picha kurasa zote, zisizosomeka uzipige tena, nami nitakaa na baba yako tuipitie kipengele kwa kipengele kabla ya kikao chenu cha tawi.

Mungu akulinde.

Mama yako