Siku Niliyompita Mjapani wa Yadini

Kila anayeendesha gari la mtumba kutoka Japani anamfahamu yule dada. Ukiwasha gari asubuhi, hata mkanda hujafunga, anakuambia kwa upole: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen." Dar, Mombasa, Kampala, anasema hayo hayo. Wapo wanaodhani anawasalimu. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kukatwa pesa kwenye barabara kuu za kulipia za Japani, ambayo huku kwetu haina kazi yoyote.

Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Wa pili alikuwa kaka mmoja pale yadini tulipokuwa tunauza magari. Aliwahi kuishi Japani miaka kadhaa, na wote tulimwita Mjapani. Simu ikiita kutoka kule anapokea, anacheka, "hai, hai, sou sou sou," huku anainamia ukuta kana kwamba mwenzake anamwona. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kazi yangu kuosha magari, na sikutaka kingine ila kuongea kama yeye.

Miaka saba baadaye nilimpita. Naandika haya kwa sababu watu wananiuliza waanzie wapi kujifunza Kijapani, na mimi naona kuanza hakuna tabu. Hiragana, zile herufi zao za sauti za kuanzia, ni 46. Ukikaza, wiki mbili umezimaliza. Tabu inakuja mbele, pale unapomfikia yule uliyekuwa unamtazama, ukakaa hapo. Wengi tunakaa hapo. Mimi nilikaa karibu miaka miwili nikijiona nimefika.

Kwanza nilikuwa nimemmeza mzima mzima, pamoja na mapengo yake. Mjapani alijifunzia lugha gereji, kati ya mafundi. Alikuwa anajiita "ore". Sasa, Kijapani kina maneno mengi ya kusema "mimi" (na neno "mimi" lenyewe kwao ni sikio, usiniulize): kuna "watashi", kuna "boku", kuna "ore". Hilo la mwisho ni la wanaume wakiwa na washikaji zao. Mimi sikujua. Siku ya kwanza niliyoachiwa simu, upande wa pili alikuwa mzee, mteja wa siku nyingi, nami nikamwaga "ore" na vitenzi vikavu visivyo na "masu", mkia wa adabu, mwishoni. Kimya. Kisha akasema taratibu kwamba atampigia bosi baadaye.

Hebu fikiria kijana anamkuta babu wa watu kibarazani, badala ya shikamoo anasema "niaje, mwanangu". Ndicho nilichofanya. Mtu aliyelelewa na shikamoo alipaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hilo, maana adabu ya kupanda na kushuka kwa umri tunayo nyumbani. Lakini sikuwa nawasikiliza Wajapani. Nilikuwa namsikiliza Mjapani.

Pengo lingine lilikuwa kwenye matamshi, na hili ni letu wote wa Kiswahili, kwa hiyo shika vizuri. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba irabu zetu tano ni karibu zile zile zao: a, i, u, e, o. Tunabweteka. Tatizo ni kwamba sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiikaza tunaivuta kidogo. Kijapani hakina mkazo wa aina hiyo. Kina sauti kupanda na kushuka, na urefu wa irabu unabadilisha maana. "Biru" ni jengo. "Biiru" ni bia. Mswahili akisema "biru" kwa mkazo wake wa kawaida, i inavutika, na mtu aliyeomba kuelekezwa jengo anaonekana anatafuta kinywaji saa tatu asubuhi. Vivyo hivyo "obasan" ni shangazi au mama wa makamo, "obaasan" ni bibi kizee. Usikosee hapo mbele ya mwanamke wa miaka arobaini.

Mjapani alikuwa na kosa hilo tangu alipoanza na hakuna aliyemwambia. Mimi nililigundua kwangu nilipojirekodi kwenye simu nikimfuatisha yule dada wa kwenye gari, sentensi moja, mara nyingi, halafu nikasikiliza. Nilitaka kuitupa simu. Lakini ile sentensi niliifanyia kazi wiki nzima, nikagundua kumbe ndani yake kuna nusu ya sarufi niliyokuwa naikimbia: "sarete" ni kutendwa, "imasen" ni hali ambayo haipo. Haijaingizwa. Nilikuwa nafundishwa bure kila asubuhi nikisogeza magari ya watu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usimwige mtu mzima. Mgawe. Jiulize ana nini hasa kinachokuvutia, kichukue hicho, kingine katafute kwa mwenye nacho. Kwa Mjapani nilichukua ujasiri wa simu. Alikuwa hana woga hata kidogo. Neno likimponyoka anacheka, analizunguka, anaendelea. Mpaka leo sijakutana na mtu mwingine mwenye hilo. Sauti nikaichukua kwa watangazaji wa hali ya hewa, kwa sababu wanasema mambo yale yale kila siku na hawana haraka. Adabu nikaichukua kwenye barua pepe za wateja wenyewe. Nilikuwa nazinakili neno kwa neno kwenye daftari kama mtoto wa madrasa.

Kusoma nilijifunza kwa hasira.

Gari linapopita mnadani Japani hukaguliwa na kuandikiwa karatasi. Pale yadini kila mtu anaijua. Kuna mchoro wa gari umejazwa herufi: A ni mkwaruzo, U pamebonyea, W paliwahi kunyooshwa na kupakwa rangi na bado pana mawimbi, S kutu, na tarakimu ya pembeni inasema ukubwa. Juu kuna daraja, 4.5 au 4 au 3.5, na R ni gari lililogongwa likatengenezwa. Hayo hata mlinzi wetu alikuwa anayajua. Ila chini yake mkaguzi huandika maelezo kwa mkono, kwa Kijapani cha haraka haraka, na hayo pale yadini yalikuwa ya Mjapani peke yake. Anaitazama karatasi, anakunja uso, anasema, "Iko safi. Mambo madogo madogo tu."

Siku moja gari likashuka bandarini chini limeliwa na kutu. Bosi alipoteza pesa, na maneno yaliyosemwa siku hiyo siyaandiki hapa. Jioni nikaichukua ile karatasi nikakaa nayo na kamusi ya kwenye simu. Ilinichukua zaidi ya saa moja kusoma alama tano: 下廻りサビ. "Shitamawari sabi." Kutu sehemu ya chini. Iliandikwa tangu mwanzo. Mjapani alikuwa anaongea Kijapani kama maji lakini hajui kusoma kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, na miaka yote hiyo alikuwa anabahatisha.

Sikumwambia mtu. Nilianza kukusanya karatasi za zamani kwenye mafaili, na nilipofika kama ya sitini nikaona maneno ni yale yale yanarudi: kizu (mkwaruzo), hekomi (kubonyea), sabi (kutu), koukan (kubadilishwa), shuufukureki (historia ya kugongwa na kutengenezwa). Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, ile ya mwaka 2010, ina herufi 2,136, na namba hiyo ndiyo inayowavunja watu moyo. Mimi kwa kazi yangu nilihitaji zisizofika mia mbili. Kila usiku nilikuwa naandika kumi. Mjapani akinikuta ananiuliza, "Dogo, unachora nini? Unaandika kama mganga." Baada ya miezi minane nilikuwa nasoma karatasi kumzidi yeye, huku kwenye kuongea bado ananiacha mbali sana. Ndipo nilipoelewa kwamba mtu humpiti siku moja kichwa hadi miguu. Unampita kwenye kipande. Ukikitafuta kipande ambacho yeye hajawahi kukigusa, na wewe kina kazi maishani mwako, unaweza kumpita ndani ya mwaka.

Hapa niseme kuhusu sifa, maana ndizo zilizonichelewesha. Mjapani wa kweli ukimwambia "konnichiwa" tu atakujibu "nihongo jouzu desu ne", Kijapani chako kizuri. Ni ukarimu wao, haina maana zaidi ya hapo. Huku kwetu ni mbaya zaidi: wewe ndiye pekee mtaani unayejua, kila harusi unaitwa useme kidogo watu wacheke. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji miaka miwili. Dawa niliyoipata ni kupanda basi hadi Nairobi kufanya JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, mwezi Desemba. Nilikwenda kwa majivuno kujaribu N3, daraja la kati. Kufaulu kunataka alama 95 kati ya 180, nami sikufika. Hata hivyo usiugeuze mtihani kuwa mungu: hauna sehemu ya kuongea wala ya kuandika, kwa hiyo yupo mwenye cheti cha N1, cha juu kabisa, ambaye simu ikiita anaitazama tu. Huyo naye Mjapani wa yadini anamzidi.

Kuna vielelezo vya aina nyingine, wale wa video mtandaoni, wengi wao wasemaji wa Kiingereza. Nawaheshimu, nimejifunza kwao. Lakini wanapofika kwenye vitenzi vya kutendeshwa wanatoa onyo kana kwamba tunaingia msituni usiku, na wewe unaogopa kwa sababu wao wameogopa. Tazama: "taberu" ni kula. "Tabesaseru" ni kulisha. "Tabesaserareru" ni kulishwa, tena bila kupenda. La, lisha, lishwa! Kitenzi kinabeba mizigo yake mgongoni kama chetu. Tofauti ni kwamba wao wanafunga yote mkiani, sisi na kichwani pia tunapakia. Usiazime woga wa mtu ambaye lugha yake haina kitu ambacho wewe unacho tangu unanyonya. Hapo unaanza ukiwa mbele yake.

Kisa ninachokipenda kuhusu kumpita uliyemwiga ni cha Wazungu wawili. Mwaka 1940 kijana wa miaka 18 wa New York, Donald Keene, alinunua kwa senti 49 tafsiri ya Genji, riwaya ya Kijapani aliyoiandika Murasaki Shikibu miaka elfu moja hivi iliyopita. Mfasiri alikuwa Mwingereza, Arthur Waley, aliyejifundisha Kijapani mwenyewe alipokuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la British Museum, na ambaye maisha yake yote hakukanyaga Japani. Keene akamfanya kielelezo. Vita vikaja, akajifunza Kijapani katika jeshi la majini la Marekani na kupewa kazi ya kusoma shajara za askari wa Kijapani. Mwaka 1953 akaenda kusoma Kyoto, na mwaka 2012, ana miaka 89, akachukua uraia wa Japani. Sidhani alikuwa na akili kumzidi Waley. Alikwenda tu pale ambapo Waley hakwenda, akaishi na watu, akakaa nao mpaka akazeeka. Na hakuacha kumsifu Waley.

Na sisi Waafrika tusimtazame wa yadini tu. Oussouby Sacko alitoka Mali, akaingia Japani mwaka 1991 kusoma usanifu majengo, na mwaka 2018 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika. Nilipojua hilo, nilijionea aibu kwa kuridhika na kupokea simu za magari.

Limebaki gumu kuliko yote: unamfanyaje uliyempita? Siku moja Mjapani alisoma karatasi mbele ya mteja, akasema "safi", na mimi nilikuwa nimeshaona neno la ajali. Moyo ulinidunda. Nilimwita pembeni kana kwamba kuna simu yake, nikamwambia, "Kaka, hebu tuangalie hapa pamoja, mimi naona kama pameandikwa shuufukureki ari." Akanitazama muda mrefu. Akarudi kwa mteja akasema, "Samahani, bosi, hili liliwahi kugongwa." Tangu siku hiyo karatasi zikawa zinaletwa kwangu, na hatukuwahi kulizungumzia.

Wajapani wana neno zuri la hali hii, "ongaeshi", kulipa fadhila. Katika mieleka ya sumo, ukimwangusha mkubwa aliyekufunza, hawasemi umemvunjia heshima. Wanasema umelipa fadhila. Takamiyama kutoka Hawaii alikuwa mgeni wa kwanza kushinda shindano la daraja la juu, mwaka 1972, na cheo chake kiliishia sekiwake, cha tatu kutoka juu. Alipostaafu akafungua kambi, akamlea kijana mwingine wa Hawaii, Akebono, ambaye mwaka 1993 akawa mgeni wa kwanza kufikia yokozuna, cheo kisicho na kingine juu yake. Nilimsimulia Mjapani kisa hicho tukinywa chai. Akasema, "Sasa lipa na hii chai." Nikalipa.

Mwezi uliopita ilifika zamu yangu. Kuna binti ninamfundisha, ana mwaka mmoja na nusu tu kwenye lugha. Nilimwonyesha kwa kujidai barua niliyomwandikia mteja, akaisoma, akakaa kimya, kisha akasema, "Shikamoo tena, mwalimu. Hapa kwenye maneno ya mkurugenzi wao, kusema 'alisema', umeandika 'moushimashita'. Hiyo si ya kujishusha? Nadhani ni 'osshaimashita'." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemshusha mkurugenzi wa watu mbele ya wafanyakazi wake.

Nilifuta, nikaandika upya. Halafu nikamtumia karatasi ya mnada ya jioni ile, ya yule mkaguzi anayeandika kama kuku anaparua, nione.