Barabara ya shambani Muheza: anza na maji kwanza, kifusi baadaye

Pole sana ndugu yangu. Umesema umemwaga kifusi tripu sita kwenye njia ya kuingia shambani kwako Muheza na mvua za masika zimekiondoa chote, sasa unauliza umwage tena au ukodi greda. Mi nakuomba usimwage hata tripu moja saivi, maana shida yako ni maji hayana pa kwenda, yanatembea humo humo kwenye alama za matairi mpaka yanachimba korongo. Nimeshapoteza hela hivyo hivyo kwa hiyo naongea kitu nakijua.

Anza na mitaro pande zote, halafu katikati ya barabara panyanyuke, kama upana ni mita 4 basi katikati iwe juu kama sentimita 10 kuliko pembeni ili maji yamwagike kwenye mtaro. Pale kwenye mteremko ndo pa kukazania, kata michirizi ya mshazari kila baada ya hatua kadhaa itoe maji nje porini, ila angalia usimwagie jirani kwenye mihogo yake mkaja kugombana bure. Mashimo usijazie juu juu tu, chimba kwanza utoe tope lote, jaza moramu (udongo wenye changarawe) kidogo kidogo huku unashindilia, na iwe na unyevunyevu coz ikiwa kavu haishiki.

Fanya haya kabla ya vuli ya Oktoba, na mitaro uizibue kila mvua kubwa ikipita, jembe na koleo vinatosha kabisa.