Maswali ya Wasomaji: Programu inapokataa kuendeshwa kwenye terminali

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa ushirika wa wakulima wa kahawa hapa Mbale. Niliandika skripti fupi (faili la amri) ya Bash, programu inayosoma amri za terminali; inaitwa malipo.sh, nayo inajumlisha kilo za kila mkulima. Niliiandika kwenye kompyuta ya ofisi yenye Windows, kisha nikaihamisha kwa flashi hadi kwenye laptopu yangu ya Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux. Nikifungua flashi na kuandika malipo.sh, najibiwa “command not found”. Nikiandika ./malipo.sh, najibiwa “Permission denied”, na chmod +x, amri ya kuruhusu faili liendeshwe, haibadilishi kitu. Nilipoinakili kwenye folda yangu ya nyumbani na kurudia chmod, nikajibiwa “bad interpreter”. Fundi amenishauri niweke Ubuntu upya. Je, nifuate ushauri huo?
Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiweke Ubuntu upya. Utapakua faili la zaidi ya GB 4 kwa bando lako mwenyewe, na skripti itagoma vilevile, kwa sababu mfumo wako ni mzima. Majibu matatu uliyopewa ni hitilafu tatu tofauti, na kila ulipoondoa moja ulisogea mbele bila kujua.

Jibu la kwanza maana yake ni kwamba Bash haikuiona programu. Unapoandika jina tupu, Bash haitazami folda uliyomo. Hutafuta tu katika folda zilizoorodheshwa kwenye PATH, ambazo utaziona ukiandika echo $PATH. Utaratibu huo ni wa makusudi. Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kama zile za maabara za vyuo, mtu mwenye nia mbaya angeweza kuacha programu yake yenye jina ls ndani ya folda ya pamoja, nawe ukaiendesha ukidhani unaorodhesha mafaili. Kwa hiyo alama ./ ni njia yako ya kusema wazi kwamba unataka faili la hapa hapa, na sishauri hata kidogo kuongeza nukta kwenye PATH ili kukwepa kuiandika. Ukitaka kuita skripti kwa jina tupu, unda folda iitwayo bin ndani ya folda yako ya nyumbani, uiweke humo, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia tena. Ubuntu itaiongeza folda hiyo kwenye PATH yenyewe.

Jibu la pili lilitokana na flashi. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, mipangilio ya kuhifadhi mafaili ambayo haina mahali pa kuweka ruhusa za Linux, ndiyo maana chmod haikufua dafu. Kuinakili nyumbani kulikuwa uamuzi sahihi.

Jibu la tatu ndilo linalowasumbua wengi. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, ilhali Linux hutumia moja tu. Alama ya ziada iliganda mwishoni mwa mstari wako wa kwanza, #!/bin/bash, unaotaja programu ya kuiendesha skripti, na mfumo ukaenda kutafuta programu ambayo haipo popote. Andika head -1 malipo.sh | cat -A nawe utaiona kwa macho yako: mstari utaishia kwa ^M$ badala ya $ peke yake. Iondoe kwa amri hii:

sed -i 's/\r$//' malipo.sh

Huenda mtu akakuambia uandike bash malipo.sh tu. Njia hiyo huvuka kizuizi cha ruhusa, hata kwenye flashi, lakini haiondoi alama hizo, na katika hesabu za malipo ya wakulima sipendi zibaki, kwa maana zinaweza kujibandika kwenye majina na tarakimu.

Siku nyingine programu ikigoma, andika echo $? mara tu baada ya kosa, nawe utaona namba yake. Namba 127 kwa kawaida huonyesha kwamba programu haikupatikana, kwa hiyo kagua tahajia na PATH; 126 huonyesha kwamba imepatikana lakini imeshindikana kuendeshwa, kwa hiyo kagua ruhusa na mstari wa kwanza. Na huko ofisini, kabla ya kuhifadhi skripti, chagua LF (ile alama moja ya Linux) badala ya CRLF (zile mbili za Windows) katika kihariri chako. Notepad++ na Visual Studio Code huonyesha chaguo hilo upande wa chini wa dirisha.